Nafasi Tupu Kati ya Makerubi

Kipindi kilikuwa kimekwisha, watoto wameshachukuliwa na wazazi wao, nami nilikuwa nafagia vipande vya karatasi na kuokota krayoni zilizokatika. Mezani walikuwa wameacha kazi zao kumi na mbili: vipande vya kadibodi, kila kimoja kimeandikwa MUNGU NI MTAKATIFU kwa herufi kubwa zilizolalia upande, na pembeni wamebandika nyota za karatasi ya dhahabu. Gundi ilikuwa haijakauka. Nilikuwa nimechoka. Nikazibeba zote kwa mkupuo mmoja, nikazikunja mara mbili ili zienee, nikazishindilia kwenye pipa la taka. Nilipoinua uso nikamwona binti wa miaka mitano amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua sweta lake. Hakulia. Alilitazama pipa, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mwalimu, na jina la Mungu umelitupa?"

Sikuwa na jibu. Niliinama nikaanza kuzitoa moja moja, naye akaja kunisaidia bila kuombwa. Tulizinyoosha juu ya meza kwa viganja vyetu, mimi na yeye, hakuna aliyesema neno. Nyota nyingi zilikuwa zimebanduka. Alipoiona ya kwake akaipapasa mara mbili tatu hadi mkunjo ukapungua, kisha akaondoka nayo ameilaza juu ya mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba sinia lililojaa maji.

Dakika arobaini nzima nilikuwa nimewaeleza maana ya utakatifu. Nilikuwa na mfano, nilikuwa na wimbo, nilikuwa na mstari wa kukariri. Halafu kwa sekunde tatu nikafundisha somo jingine, na hilo ndilo binti yule alilolielewa vizuri zaidi. Tangu siku ile nimebadilisha karibu kila kitu katika namna ninavyofanya kazi za mikono na watoto wa miaka minne hadi saba, na haya ninayoandika hapa ni kwa ajili ya wazazi na walimu wa watoto ambao, kama mimi, wanatamani mtoto amche Mungu lakini hawajui waanzie wapi.

Nianze na neno lenyewe, kwa maana lugha yetu imetupa zawadi ambayo hatuitumii. Kiswahili kina kuogopa, kina kuhofu, na kina kucha. Mtu humwogopa mbwa mkali. Mtu huhofia mtihani. Lakini hatusemi fulani anamcha mbwa. Kucha tumekuachia Mungu, na pengine wazazi na watu wazima sana ambao ukiwa mbele yao unashusha sauti bila mtu kukuambia. Katika kicho kuna kujua kwamba aliye mbele yako ni mkuu kuliko wewe, na bado unataka kusogea. Mwenye kuogopa hukimbia. Mwenye kucha huvua viatu akabaki. Tena kuna kule kucha kwa alfajiri, usiku unapokucha. Sidai kwamba maneno haya yana asili moja, lakini sauti ni ileile, na mimi kila ninaposoma "kumcha BWANA ni mwanzo wa hekima" husikia na mapambazuko humo ndani.

Sasa angalia tunavyowafanyia watoto. Anapiga kelele, tunamwambia "Mungu anakuona." Amemwaga gundi, "Mungu hapendi." Amemsukuma mwenzake, "Mungu atakuchapa." Nimeyasema haya, na niliyasema kwa miaka, kwa sababu yanafanya kazi haraka: darasa linatulia. Lakini mtoto anayetulia kwa sababu hiyo amejifunza kuogopa peke yake. Kijana mmoja mdogo wa darasa langu alifika mahali akawa anafumba macho wakati wa sala kwa nguvu hadi uso unakunjamana, na nilipomwuliza kwa nini, akasema kwamba akifumba sana labda Mungu naye hatamwona. Hicho si kicho. Mimi ndiye niliyekiweka pale, nami ndiye niliyelazimika kukiondoa, na kukiondoa kulichukua muda mrefu kuliko kukiweka.

Je, kwa nini mikono? Kwa nini tusikae chini tukawaeleza vizuri tu? Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto wanavyofikiri, aliona kwamba kati ya miaka miwili na saba hivi mtoto bado hajaweza kushika mawazo yasiyoonekana na kuyapanga kichwani kama mtu mzima. Anafikiri kwa kile anachokiona na kukigusa. "Mtakatifu" kwa mtoto wa miaka mitano ni sauti. Atairudia kwa furaha, ataiimba, na ndani yake hakuna kitu. Ukimpa mahali anapoingia bila viatu, ukampa kitu kinachobebwa kwa mikono miwili, hapo neno limepata pa kukaa.

Biblia ililijua hili zamani. Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli wanapovuka Yordani, wanaamriwa watwae mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto wakayasimamishe Gilgali. Sababu inatajwa waziwazi: siku moja watoto watauliza, mawe haya maana yake ni nini? Tazama mpangilio ulivyo. Kwanza kuna kitu, kizito, kimebebwa begani. Kisha kuna swali, na swali linatoka kwa mtoto. Maneno ya mzazi yanakuja mwisho. Sisi tumezoea kinyume chake: tunamwaga maneno nusu saa, halafu tunawapa karatasi wapake rangi ili wasitusumbue. Kazi ya mikono imekuwa ya kupitishia muda, na mtoto analijua hilo kabla yetu.

Lakini nisiseme kwamba mikono inatosha. Kuna jambo katika kitabu cha Kutoka ambalo hunirudia kila ninapoandaa meza. Katika sura ya 31 Mungu anamwita kwa jina Besaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kusema amemjaza Roho wa Mungu, katika hekima na ujuzi, ili achore na kutengeneza kazi za dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Ni mtu wa kwanza katika Biblia kutajwa kwa jina kwamba amejazwa Roho wa Mungu namna hiyo, naye ni fundi. Jina lake lina maana ya "katika kivuli cha Mungu." Pamoja naye yuko Oholiabu wa kabila la Dani, na sura ya 35 inawakumbuka pia wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao. Hilo hunipa moyo mno. Fungua sasa sura ya 32. Watu wanavua hereni za dhahabu, Haruni anazipokea, anatengeneza ndama. Kisha sura ya 35 watu walewale wanaleta tena dhahabu, na hereni zimo, safari hii kwa ajili ya hema ya kukutania. Dhahabu ni ileile, na jangwa ni lilelile. Kazi moja ilifanywa kwa kelele na haraka kwa sababu watu walichoka kumngoja Mungu wasiyemwona, na nyingine ilifanywa polepole, kwa vipimo, kwa ajili ya mahali ambapo huyo Mungu asiyeonekana angekutana nao. Gundi na mkasi vinaweza kwenda upande wowote kati ya hizo mbili.

Ndiyo maana siku hizi ninajiuliza swali moja tu kabla ya kuchagua kazi: je, ndani ya kitu hiki kuna mahali pa mtoto kunyamaza? Kama hakuna, hata kiwe kizuri namna gani, ni mapambo.

Chukua kile kichaka cha Kutoka sura ya 3, kilichowaka moto bila kuteketea. Nimekiona kikifanywa mara nyingi: karatasi ya kahawia, ukanda wa njano na mwekundu juu yake, kwisha. Sisi tunafanya hivi. Kwanza watoto wanakusanya vijiti vikavu vyembamba na majani machache mabichi, wanavibandika kwenye kadibodi. Tunangoja gundi ikauke, na kungoja huko ni sehemu ya kazi. Kisha wanachana karatasi laini nyekundu na njano kwa vidole, bila mkasi, wanaibandika kwa sehemu ya chini tu ili ipepee. Mwisho ninawaambia wainue ule moto kwa kidole na kutazama chini yake. Majani bado ni mabichi. Hakuna kilichoungua. Ninanyamaza hapo. Daima kuna mmoja atakayeupuliza moto wake ucheze, na mwingine atakayesema kwa mnong'ono, "Haijaungua." Hapo ndipo ninaposoma ile sehemu Musa anapoambiwa avue viatu, na sisi tunavua, tunasimama juu ya karatasi kubwa, kila mtoto anachorewa nyayo zake na mwenzake. Kuchorewa nyayo kunatekenya, kwa hiyo wanacheka. Wacheke. Sioni ugomvi kati ya kicheko cha mtoto na kicho. Ninachokataa ni haraka.

Mwaka mmoja kijana mdogo aligoma kuvua viatu. Soksi yake ilikuwa imetoboka. Nilikuwa karibu kumlazimisha, nikakumbuka yule aliyekuwa akifumba macho. Nikavua changu, nikakaa chini karibu naye, nikamwambia Musa alikuwa mchungaji aliyetembea jangwani, hakuna shaka miguu yake ilikuwa na vumbi na nyufa, na Mungu hakumwambia aende akaoshe kwanza. Alifikiri. Akavua kimoja tu. Nyayo yake moja bado iko kwenye karatasi ile kati ya nyayo mbilimbili za wenzake.

Kazi nyingine ninayoipenda ni maserafi wa Isaya sura ya 6, wale viumbe wa mbinguni wanaosimama mbele za Mungu. Kila mmoja ana mabawa sita: mawili ya kufunika uso, mawili ya kufunika miguu, mawili ya kuruka. Tunatumia viganja kama mabawa. Mtoto anaweka kiganja juu ya karatasi, mwenzake anakizungushia kalamu, kinakatwa. Mtoto ana mikono miwili, kwa hiyo ana mabawa mawili tu; serafi mmoja anahitaji watoto watatu. Sikupanga iwe hivyo mara ya kwanza, ni hesabu iliyojileta yenyewe, lakini tangu hapo sijawahi kuifanya vinginevyo. Watatu hao lazima wakubaliane ni mabawa ya nani yatafunika uso. Kwa kawaida wote wanataka yao yawe ya kuruka. Basi tunazungumza: kwa nini kiumbe mwenye mabawa sita atumie manne kujifunika na mawili tu kuruka? Binti mmoja alisema, "Kwa sababu Mungu anang'aa sana." Mwingine akamsahihisha, "Hapana, kwa sababu ana adabu." Nimewasikiliza wahubiri wengi juu ya sura ile, na majibu hayo mawili yakiwekwa pamoja bado sijasikia ya kuyazidi.

Kwa mzazi aliye nyumbani na mtoto mmoja au wawili, asiye na meza kubwa wala kundi, ningependekeza kazi mbili ndogo. Ya kwanza ni vishada vya Hesabu sura ya 15, ambapo Waisraeli wanaambiwa watie vishada kwenye ncha za nguo zao, na ndani yake uzi wa rangi ya samawi, wauone na kuyakumbuka maagizo ya BWANA. Sokoteni pamoja nyuzi tatu nyeupe na moja ya samawi, mfunge fundo, mfungie kwenye mkoba wa mtoto. Basi. Ya pili ni kanzu ndogo. Mama yake Samweli, kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu, alimpelekea mwanawe aliyekuwa akihudumu hekaluni kanzu ndogo aliyomfanyia. Mstari wenyewe ni mmoja tu, 1 Samweli 2:19, unapitwa haraka. Mimi hukaa hapo. Kila mwaka ilibidi akisie mtoto amekua kiasi gani. Kata kanzu ya kitambaa chakavu, mpe mtoto sindano butu na uzi mnene, mashimo uyatoboe wewe mapema, naye ashone ubavuni. Mtoto aliyeshona kanzu ya Samweli akiwa ameketi karibu na mama yake, ukimsomea baadaye habari ya yule kijana aliyeitwa usiku akajibu kwamba mtumishi wako anasikia, atasikiliza kama mtu anayemfahamu.

Sasa nifike kwenye Sanduku la Agano, lile lililotunza mbao mbili za amri za Mungu, maana hapo ndipo nilipotaka kufika.

Kutoka 25 inatoa vipimo: urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, na kwenda juu dhiraa moja na nusu. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa mtu mzima kama sentimita 45 hivi. Nawapa watoto uzi, kila mmoja anapima dhiraa yake mwenyewe, halafu tunatandaza uzi sakafuni mara mbili na nusu. Sanduku la kila mtoto linatoka na ukubwa tofauti, na wanashangaa kwamba la mwalimu ni kubwa kuliko yote. Baada ya kupima, tunajenga dogo kwa boksi la viatu. Tunalifunika kwa karatasi ya dhahabu ndani na nje, kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa, ndani na nje. Watoto hulalamika: ndani hapaonekani, ya nini? Siwajibu. Nawaambia tu Besaleli alipaka pia ndani. Mara nyingi wanaishia kulainisha karatasi ya ndani kwa bidii kuliko ya nje, vichwa vimezama kwenye boksi, na sauti zao zinatoka humo zikiwa nzito na za siri.

Tunatoboa matundu manne, tunapitisha vijiti viwili vya kubebea. Vijiti hivyo havikupaswa kuondolewa kwenye pete zake, maandiko yanasema hivyo, kwa hiyo na sisi tunavigundisha. Ndani tunaweka vibao viwili vya udongo ambavyo watoto wamevifinyanga siku iliyotangulia. Kisha kifuniko, na juu ya kifuniko makerubi wawili, viumbe wa mbinguni wenye mabawa, wa karatasi ngumu, mmoja kila mwisho, wanatazamana, mabawa yamenyooshwa juu.

Kati yao hakuna kitu.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii sikuliona hilo kuwa jambo. Ni watoto waliolisimamisha. Kijana wa miaka sita alikuwa na kipande cha udongo kimebaki mkononi, akaanza kufinyanga kichwa na ndevu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Namfanya Mungu, aketi pale katikati." Wenzake wakaona ni jambo la busara, kiti kipo, walinzi wapo, anakosekana mwenye kiti. Nami kwa mara ya kwanza nikaitazama ile nafasi. Mafundi wote wale, dhahabu yote ile, hesabu zote zile za dhiraa, na mwisho wa kazi ni mahali palipoachwa tupu kwa makusudi, na Mungu anasema ni hapo, toka kati ya makerubi mawili, ndipo atakapokutana na Musa na kusema naye.

Nilimwambia kijana yule kwamba Waisraeli walipokuwa mlimani Horebu walisikia sauti lakini hawakuona umbo lolote. Ndivyo Kumbukumbu la Torati sura ya 4 inavyowakumbusha. "Kwa hiyo hatujui tumfinyange vipi?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo, na tukimfinyanga atakuwa mdogo kama mkono wako." Akautazama ule udongo kwenye kiganja chake muda mrefu. Akaubonyeza ukawa bapa, akaurudisha kwenye mfuko.

Najua Wakristo wenzangu hawajawahi kuwa na sauti moja juu ya picha; mabaraza makubwa yalikutana kwa ajili hiyo, kama lile la Nikea la mwaka 787 lililozitetea picha takatifu. Sitaki kuwavuta watoto kwenye mabishano hayo. Msimamo wangu ni mwembamba zaidi: katika darasa langu hatumfinyangi wala hatumchori Mungu Baba. Tunatengeneza kiti, mlango, pazia, moto, kanzu, mabawa, vyote vinavyomzunguka, na katikati tunapaacha. Ndugu zetu Waislamu wanatutangulia katika jambo hili, na mtu akiona jinsi mtoto wa madrasa anavyofundishwa kuushika msahafu akiwa na udhu na kuuweka juu ya marufaa, hauwekwi sakafuni, atakuwa ameona elimu nzima ya heshima bila hotuba hata moja.

Kuhusu kunyamaza, nimejifunza mengi kwa Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Siku moja aliingia darasani na mtoto mchanga wa miezi minne mikononi, akawaonyesha watoto jinsi alivyotulia, pumzi yake haisikiki, akawaambia hakuna kati yao anayeweza kutulia hivyo. Watoto wakajaribu. Wakagundua kwamba kimya ni kitu cha kutengenezwa, kila mmoja akichangia chake, na kwamba ndani yake husikika mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia. Baadaye, mwaka 1954, Sofia Cavalletti, msomi wa Biblia, pamoja na Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori, walianza mjini humo kuwafundisha watoto imani kwa vitu vidogo vya mbao vya kushika na kusogeza, katika chumba kilichotengwa kwa ajili hiyo tu. Chumba cha namna hiyo mimi sina. Nina mkeka. Lakini nimeacha kabisa kusema "Nyamazeni!" Nasema, "Hebu tutengeneze kimya," na tunakitengeneza kwa mikono: kila mmoja anaweka mkasi chini bila kuugonganisha na meza. Ukitaka kuona uso wa mtoto anayejali, mtazame anavyoshusha mkasi wa chuma juu ya mbao asitoe sauti. Ninawaambia kwamba hekalu la Sulemani lilipojengwa mawe yalichongwa huko machimboni, na nyundo wala shoka haikusikika nyumbani lilipokuwa likijengwa. Ipo katika 1 Wafalme 6:7. Watoto huupenda sana mstari huo.

Nirudi kwenye pipa la taka, maana sikuliacha hivihivi. Baada ya siku ile nilisoma juu ya desturi ya Wayahudi ya kutoyatupa maandishi yenye jina la Mungu: yakichakaa huhifadhiwa mahali maalumu, geniza, hadi yazikwe. Katika sinagogi la Ben Ezra kule Fustat, Kairo ya kale, nchini Misri, yalijikusanya hivyo kwa karne nyingi mpaka yalipopelekwa kwa wingi Cambridge, Uingereza, na msomi Solomon Schechter mwishoni mwa karne ya 19. Vipande vyote vilivyotoka huko hukadiriwa kuwa karibu 300,000. Watu waliogopa kutupa kipande kimoja cha karatasi, wakawaachia wajukuu maktaba.

Hata hivyo sikutaka kuhamia upande wa pili na kuwafundisha watoto kuabudu kadibodi. Yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, karne kadhaa baadaye watu walikuwa wanamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kwa hiyo kwetu kazi inayobaki inafumuliwa na mtoto aliyeifanya. Anabandua, anatenganisha vijiti na karatasi, vipande vizuri vinaingia kwenye boksi la mabaki kwa ajili ya kazi ijayo. Sehemu yenye jina la Mungu tunaikata peke yake na kuiweka kwenye bahasha. Hakuna kinachokunjwa ngumi. Inachukua dakika kumi za kipindi kila baada ya wiki kadhaa, na walimu wenzangu wengine wanaona ni kupoteza wakati. Kwangu mimi hizo ni dakika kumi ambazo watoto wananitazama mikono.

Yule binti wa sweta alikuwa kwenye kundi lililofuata kutengeneza Sanduku. Zamu ya kulipeleka nyumbani ilipofika ikamwangukia yeye, nao wakalitoa nje watoto wanne, wawili mbele wawili nyuma, vijiti begani, boksi la viatu linayumba katikati. Sikuwa nimewaambia watembee polepole. Mtoto wa tano alitangulia kufungua mlango, akasimama ameushika mpaka wapite wote.

Wiki iliyofuata mama yake alinisimamisha. Aliniambia wameliweka juu ya kabati, na kwamba jioni moja alikuwa anapanga vitu, akachukua kisanamu kidogo cha ndege kilichokosa mahali, akakiweka pale juu ya kifuniko, kati ya makerubi, kwa kuwa palionekana pana nafasi. Binti akavuta kiti, akapanda, akakishusha yule ndege kwa mikono yote miwili.

"Hapo usiweke, mama," akamwambia. "Hapo si petu."